Kufiwa na Mbwa wa Familia: Mwongozo Kamili wa Siku za Mwisho, Mazishi na Maombolezo

Mbwa wa familia akifa, nyumba humkosa saa kwa saa. Alfajiri hakuna anayekwaruza mlango, jioni hakuna anayetangulia langoni, na usiku mtu anayekwenda kunywa maji gizani huinua mguu ili avuke mahali ambapo mbwa alizoea kujinyoosha, kisha ndipo akumbuke kwamba hapana cha kuvuka. Huzuni hii imefungamana mno na ratiba kwa sababu upendo wenyewe ulikuwa wa ratiba: kulisha, kutembeza, kuogesha, kufungua na kufunga. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata wakati, kuanzia siku ambazo mbwa bado yu hai lakini hatapona, hadi siku ambayo familia inajiuliza kama ilete mwingine. Aliyefiwa ghafla anaweza kuruka sehemu ya kwanza, na aliyekwisha kuzika anaweza kuanzia pale panapozungumzia wiki ya kwanza.

Jambo moja litangulie. Katika nyumba moja hakuna watu wawili waliofiwa na mbwa yuleyule. Mtoto amempoteza mwenzake wa michezo, mzee amempoteza mtu wake wa mchana kutwa, aliyekuwa akimlisha amepoteza kazi, na yule aliyekuwa akilalamika kuhusu manyoya kwenye makochi huenda ndiye atakayelia kwa muda mrefu zaidi. Ugomvi mwingi unaozuka ndani ya familia baada ya kifo cha mbwa hutokana na kila mmoja kutarajia wenzake waomboleze kwa namna yake.

Hatua ya kwanza: mbwa yu hai, lakini hatapona

Anayeishi na mbwa mgonjwa kila siku huyazoea mabadiliko kiasi cha kutoyaona tena, na mbwa naye huficha maumivu. Dalili za kutazama ni kuhema akiwa ametulia, kushindwa kupata mkao wa kulala usiku, kulamba sehemu moja ya mwili bila kuacha, kusita mbele ya ngazi alizokuwa akizipanda, na kuacha mambo madogo aliyoyapenda, kwa mfano kuinuka kumpokea mtu wa nyumbani.

Kipimo kinachosaidia kuyaona hayo kwa utaratibu kilitungwa na Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, mwaka 2004. Kinahusu mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na iwapo siku njema zinazidi siku mbaya. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ndiyo hali bora, na jumla inayozidi 35 huchukuliwa kuwa inaonyesha kwamba mbwa bado ana maisha yanayostahimilika. Ninashauri kila mtu mzima wa nyumba ajaze alama zake peke yake, siku ileile ya kila wiki, bila kuchungulia za mwenzake, kisha mzilinganishe. Alama zikitofautiana sana, hapo ndipo penye mazungumzo ambayo familia imekuwa ikiyakwepa. Ni vyema karatasi hizo zitunzwe hata baada ya kifo, kwa sababu zitahitajika katika sehemu ya hatia.

Muulizeni daktari maswali yaliyo wazi: ugonjwa huu utaishaje ukiachwa uendelee, ni dalili gani ikitokea usiku itakuwa ya dharura, matibabu yataongeza muda gani na wa hali gani, na je, angekuwa mbwa wake angefanya nini. Swali hilo la mwisho madaktari wengi hawalitoi jibu mpaka waulizwe.

Uamuzi wa kumpumzisha mbwa kwa sindano ubebwe na watu wazima, na ikiwezekana usimwangukie mtu mmoja kwa sababu tu yeye ndiye anayelipa. Watoto waelezwe mapema na wapewe nafasi ya kuaga, lakini wasipigishwe kura. Mtoto aliyeulizwa kama mbwa afe au asife ataubeba uamuzi huo miaka mingi, hata kama kura yake haikuhesabiwa.

Hatua ya pili: saa yenyewe

Hofu kubwa hutokana na kutojua kitakachotokea, kwa hiyo nitaeleza bila kuzunguka. Mara nyingi mbwa hupewa kwanza dawa ya kumtuliza, akasinzia. Kisha daktari hupitisha kwenye mshipa, aghalabu wa mguu wa mbele, kipimo kikubwa cha dawa ya nusukaputi, ambayo kwa kawaida ni pentobabitali. Mbwa hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na moyo husimama muda mfupi baadaye. Daktari husikiliza kifua kwa stetoskopu kabla ya kutamka kwamba amekufa.

Yanayowashtua watu ni yale yanayofuata. Macho ya mbwa hubaki wazi. Huenda akavuta pumzi moja au mbili nzito baada ya moyo kusimama, misuli ikatetemeka, na mkojo au kinyesi kikatoka. Hayo ni matendo ya mwili ambao fahamu zimekwisha kuuacha, wala si dalili kwamba anaumia au kwamba dawa imeshindwa. Kila atakayekuwemo chumbani aambiwe hayo kabla ya kuingia.

Fomu zitiwe sahihi, malipo yafanywe na uamuzi kuhusu mwili ufikiwe kabla ya sindano, ili msije mkasimama dirishani kwa karani mnahesabu fedha huku machozi yanawatoka. Chukueni mkeka au blanketi lenye harufu ya nyumbani. Mtu mmoja akae karibu na kichwa na azungumze kwa sauti ya kawaida, akimwita kwa jina alilozoea. Asiyeweza kuwemo asilazimishwe, wala asisimangwe baadaye.

Ikiwa mbwa amefia nyumbani, hakikisheni kwanza kwamba kweli amekufa: kifua hakiinuki, mapigo hayasikiki upande wa kushoto wa kifua nyuma ya kiwiko, na jicho halipepesi likiguswa kidogo. Mkiwa na shaka, mpigieni daktari simu. Mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, kwa hiyo mkunjeni mapema kama alivyozoea kulala, mfumbeni macho kwa kuyashikilia kwa muda, na mtandike chini yake kitambaa kinachofyonza. Mkitaka uchunguzi wa chanzo cha kifo, mwili uwekwe mahali pa baridi lakini usigandishwe kwenye friza, kwa kuwa kuganda huharibu tishu ambazo daktari atazitazama. Ufikishwe kwa mchunguzi haraka iwezekanavyo.

Kuna hali moja ambapo maombolezo hayana budi kusubiri. Mbwa aliyekufa baada ya kubadilika tabia ghafla, kuuma bila kuchokozwa, kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza au kulegea taya anaweza kuwa alikuwa na kichaa cha mbwa. Msimguse kwa mikono mitupu, toeni taarifa kwa mamlaka za mifugo au za afya, na yeyote aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ilhali chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa huzuia ugonjwa. Uchunguzi wake hufanywa kwenye ubongo, na hivyo familia huenda isirudishiwe mwili mzima. Ni bora mwambiwe hilo mapema kuliko kuligundua mkiwa mmeshachimba kaburi.

Hatua ya tatu: mazishi au majivu

Kabla ya kumwondoa popote, kateni kishungi cha manyoya na mchukue alama ya wayo wake kwa wino au udongo laini. Hata anayesema hahitaji achukue tu. Kutupa baadaye ni rahisi, na kupata baadaye haiwezekani.

Kuzika nyumbani kunaruhusiwa mahali pengine na kukatazwa kwingine, kwa hiyo ulizeni. Palipo na ruhusa, chimbeni ili udongo utakaomfunika ufikie angalau mita 1, mbali na kisima, kijito, mabomba na nyaya. Mfungeni kwa kitambaa kinachooza, wala si mfuko wa plastiki. Aliyepumzishwa kwa sindano anahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu pentobabitali hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mnyama atakayefukua na kula anaweza kufa. Mawe mazito yapangwe juu ya udongo. Mpangaji naye afikirie siku ya kuhama, kwani kuacha kaburi kwenye uwanja wa mtu mwingine ni kilio cha pili.

Mkichagua mwili uchomwe, ulizeni kama mbwa huchomwa peke yake au pamoja na wengine, maana ni pale tu anapochomwa peke yake ndipo majivu mtakayopewa huwa yake. Majivu yana chumvi nyingi na huchoma mizizi, kwa hiyo anayetaka kupanda mti juu yake ayachanganye na udongo mwingi kwanza.

Kuagana kwa maneno machache hakuhitaji kuonewa haya. Huko Giza, mwaka 1935, wachimbuzi walioongozwa na George Reisner walipata jiwe lenye maandishi kuhusu mbwa mlinzi wa kifalme aliyeitwa Abuwtiyuw: mfalme wa Misri ya kale aliamuru azikwe kwa heshima, akapewa jeneza, kitani na ubani. Familia ya leo inaweza kufanya kwa uchache zaidi. Kila mmoja aseme jambo moja mahususi alilolifanya mbwa huyo, hata kama ni la utukutu, na asiyeweza kusema aweke udongo wake kimya.

Hatua ya nne: kuwaambia watoto na walio mbali

Mtoto aambiwe siku hiyohiyo, na mtu anayemwamini, kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vibaya: mbwa wetu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui tena, hasikii maumivu, na hatarudi. Tuseme amelala, mtoto ataogopa kulala. Tuseme amesafiri, atamngoja langoni na kujiuliza kwa nini hakumuaga. Tuseme alikuwa mgonjwa tu, atashtuka kila mtu wa nyumbani anapopata mafua. Ongezeni kwamba ugonjwa uliomuua mbwa si kama homa ya kawaida ya watu.

Watoto wa chini ya takribani miaka 5 kwa kawaida hawaelewi kwamba kifo hakigeuki, na ndiyo sababu mtoto aliyelia asubuhi anaweza kuuliza jioni kama mbwa ameshakula. Jibu liwe lilelile, bila kuchoka wala kukaripia. Wengi huanza kushika maana ya kifo kati ya miaka 5 na 7, na hapo hugeukia maswali ya mwili: macho yako wapi, wadudu watamla? Yajibiwe kwa ukweli wa kipimo chao. Mtoto anayecheza mazishi ya wanasesere anafanya kazi yake ya kuomboleza, na hapaswi kukatazwa.

Kijana aliye shuleni au mbali apigiwe simu kabla ya mazishi. Kugundua kwa picha iliyotumwa kwenye kundi la familia ni jeraha analoweza kulitaja miaka ishirini baadaye. Mzee anayeishi peke yake aangaliwe kwa vitendo, kwa kuwa huenda mbwa ndiye aliyekuwa akimwamsha, akimtoa nje na kumfanya aseme maneno kwa sauti. Mtu apite saa zilezile, atazame kama amekula, na atembee naye kidogo.

Hatua ya tano: mbwa aliyebaki

Katika uchunguzi uliofanywa nchini Italia na kuchapishwa mwaka 2022, uliohusisha wafugaji 426 waliowahi kupoteza mmoja wa mbwa wao, wengi walieleza kwamba mbwa aliyebaki alipunguza kucheza na kula, alilala zaidi, na alitafuta kuangaliwa kuliko zamani. Sehemu ya hayo huenda ni kuakisi huzuni ya watu wa nyumba, lakini kwake tofauti hiyo haina maana: mwenzake hayupo na kila mtu ananuka machozi.

Mpeni anachokihitaji, nacho ni saa zake zilezile. Chakula wakati uleule, matembezi wakati uleule, mahali pa kulala palepale. Msibadilishe chakula kila siku kwa kumbembeleza, kwani atajifunza kungoja kitamu zaidi. Akipitisha siku nzima bila kula kabisa, mpelekeni kwa daktari, maana huenda naye ni mgonjwa, hasa kama mwenzake alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Kumwonyesha mwili ni hiari, mradi kifo hakikutokana na maradhi ya kuambukiza: mwacheni anuse au apite zake, bila kumvuta.

Hatua ya sita: wiki ya kwanza, saa kwa saa

Chukueni karatasi na mwandike siku ya kawaida ya mbwa wenu, tangu alipoamka hadi alipolala, na mbele ya kila saa jina la aliyekuwa akimhudumia. Karatasi hiyo ni ramani ya mahali ambapo maumivu yatatokea. Kwa kila saa amueni jambo moja kati ya matatu: iendelee, ibadilishwe, au iachwe tupu kwa makusudi. Matembezi ya asubuhi ni afadhali yaendelee, ila kwa njia nyingine kwa siku chache, kwa sababu kwenye njia ya zamani kila jirani atauliza mbwa yuko wapi. Saa ya kulisha ibadilishwe. Aliyekuwa akilisha apewe kazi nyingine ya mikono wakati huohuo, kama kumwagilia maua au kupika. Saa ya usiku, ile ambayo mbwa alikuja kujilaza miguuni, ni vigumu kuijaza, na sishauri mjaribu. Lieni hapo.

Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba na kushughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba kuyumba huko ndiko kunakomvusha. Anayecheka mchana na kulia usiku hajasahau wala hajaigiza. Mafundisho ya hatua tano za huzuni, yanayorudiwa kila mahali, yalitokana na kazi ya Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969 kwa wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kuyafanya kalenda ya mfiwa, na kumuuliza mtu kama ameshafika hatua ya kukubali, ni kumwongezea mzigo.

Kusikia kucha zikigonga sakafu, au kuona kivuli chake pembeni mwa jicho, ni kawaida katika siku hizi, kwa kuwa masikio na macho yamezoea miaka mingi kumtarajia. Usingizi hukatika na chakula hukosa ladha. Kuleni kidogo hata bila hamu, na msifanye maamuzi makubwa, likiwemo la kuleta mbwa mwingine.

Hatua ya saba: hatia

Hapa ndipo watu hukwama. Huzuni hupungua makali yenyewe, lakini hatia hujilisha. Huja kwa sura nne: nilimpumzisha mapema mno, nilimchelewesha akateseka, ningekuwa na fedha angepona, au mimi ndiye niliyeacha lango wazi. Mtu yuleyule anaweza kujishtaki kwa mbili za kwanza usiku mmoja, ingawa haziwezi kuwa kweli zote mbili, na kulitambua hilo tu humpumzisha kidogo.

Msijibu hatia kwa maneno ya kubembeleza kama "usijilaumu". Ijibiwe kwa kumbukumbu. Andika kwa mfuatano wa tarehe yale uliyoyaona, uliyoambiwa na uliyoyafanya, na mbele ya kila tukio uandike ulichokijua wakati huo, bila kuongeza ulichokijua baadaye. Zile karatasi za alama za kila wiki zitumike hapa. Karibu kila mara orodha hiyo huonyesha mtu aliyeamua kwa kadiri ya mwanga aliokuwa nao: uvimbe ulioonekana mdogo, kikohozi kilichofanana na kile cha mwaka uliopita, daktari aliyesema tungoje wiki moja. Ikibaki shaka ya kitabibu, omba dakika chache za daktari, ukiwa na maswali matatu yaliyoandikwa. Majuto yasiyo na majibu hukua. Yakishapata jibu, hata lisilopendeza, hupata mpaka.

Suala la fedha lisemwe bila aibu. Familia iliyokataa upasuaji kwa sababu ungewaacha bila kodi ya nyumba haikumsaliti mbwa. Iliamua kwa niaba ya wote waliokuwa chini ya paa moja, na mbwa alikuwa mmoja wao.

Vipi ikiwa kosa ni la kweli? Lango lilibaki wazi, sumu ya panya iliwekwa mahali pa chini, gari lilirudi nyuma bila kuangaliwa. Kumwambia aliyehusika kwamba hakuna kosa ni kumnyima nafasi ya kusamehewa, na moyoni anajua kwamba si kweli. Lisemwe mara moja, wazi, na lisirudiwe kwenye ugomvi wa mambo mengine: lango liliachwa wazi, haikuwa kwa kukusudia, sote tumewahi kuliacha wazi, na siku hiyo ndiyo lililodhuru. Kisha arekebishe kitu, kwa mfano atie komeo linalojifunga. Aliyehusika akiwa mtoto, mtu mzima abebe sehemu yake kwa sauti, kwa kuwa kulinda lango haikuwa kazi ya mtoto. Mtoto huyo aangaliwe kwa wiki kadhaa; anayenyamaza ghafla au kuwa mtiifu kupita kiasi bado anajihukumu.

Hatua ya nane: walio nje ya nyumba

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini katika msiba wa mbwa wa mbali mara nyingi hawaingii. Hakuna matanga wala likizo, na wapo watakaosema alikuwa mbwa tu. Mtaalamu wa masuala ya maombolezo Kenneth Doka aliielezea mwaka 1989 huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiitambui rasmi, na ugumu wake ni kwamba mfiwa huanza kujiuliza kama ana haki ya kulia. Herodotus aliandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo kwamba katika nyumba za Misri mbwa alipokufa, wote waliokuwamo walinyoa kichwa na mwili mzima. Mfiwa wa leo hana alama ya kuonyesha, kwa hiyo hana budi kusema.

Andaeni sentensi mbili. Ya kwanza ni kwa jirani na mpita njia: "Alikufa Jumanne, asante kwa kuuliza, nitakueleza siku nyingine." Ya pili ni kwa mkuu wa kazi, ambaye huelewa ombi mahususi kuliko maelezo ya hisia: "Nimepata msiba nyumbani, naomba kesho asubuhi, nitakuwepo kuanzia saa saba." Kwa anayedhihaki, hakuna wajibu wa kumwelimisha. Mtafuteni mtu mmoja aliyewahi kufuga na kuzika. Simu moja na huyo hufaa kuliko pole kumi za kupita.

Hatua ya tisa: mbwa wa pili anapofuata

Familia nyingi hufuga mbwa wawili waliokuja karibu wakati mmoja, na kwa sababu hiyo huwapoteza karibu wakati mmoja. Wa kwanza alipokufa, wa pili aliziba pengo: matembezi yaliendelea, mabakuli hayakuondolewa, na huzuni ikapewa likizo. Wa pili akifa, misiba miwili hudai pamoja. Mtu hushangaa anapomlilia aliyekufa mwaka jana kuliko aliyekufa jana, na wengine huona aibu kwamba huyu wa pili hawakumlia ipasavyo.

Watengeni. Kila mmoja awe na picha yake, kisa chake na siku yake ya kukumbukwa. Msiwataje daima kama jozi. Ikiwa wa pili alipendwa kwa shida, labda kwa kuwa alikuwa mkali au alikuja baadaye, hilo nalo lisemwe. Jiandaeni pia kwa ukimya kamili, ambao hamkuupata mara ya kwanza. Hii ndiyo mara ambayo karatasi ya saa inafaa zaidi, hata kama mara ya kwanza hamkuihitaji.

Hatua ya kumi: vitu vilivyobaki

Dawa zilizobaki zirudishwe kwa daktari wa mifugo au duka la dawa linalopokea, zisimwagwe chooni wala kuwekewa mbwa mwingine akiba. Miadi ya chanjo ifutwe, na aliyekuwa na chipu ya utambulisho chini ya ngozi aripotiwe kwenye daftari la usajili, vinginevyo ujumbe wa kumkumbusha chanjo utaingia kwenye simu miezi sita baadaye, asubuhi ambayo hamkujiandaa.

Kola, kamba, bakuli na tandiko visiondolewe na mtu mmoja kwa nia njema wengine wakiwa kazini au shuleni. Viwekwe katika boksi moja, kila mmoja achague kimoja, na boksi lifungwe mpaka wote wakubali kulifungua. Tandiko lisifuliwe haraka. Kuna atakayetaka harufu.

Hatua ya kumi na moja: msaada wa kitaalamu

Miezi ya machozi ya hapa na pale haina ubaya. Tafuteni mshauri nasaha au daktari ikiwa wiki nyingi zimepita na mtu bado hawezi kufanya kazi, kusoma au kula, ikiwa amezama katika pombe, au ikiwa kifo hiki kimefungua misiba ya zamani ya watu aliowazika. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-11, inatambua huzuni iliyodumu kupita kiasi kuanzia miezi 6. Kigezo hicho kiliwekwa kwa ajili ya kufiwa na binadamu, lakini mshauri makini hatamfukuza mtu kwa sababu marehemu alikuwa na miguu minne. Anayesema hataki kuishi, au kwamba angependa kumfuata mbwa wake, asiachwe peke yake na apate msaada siku hiyohiyo.

Hatua ya kumi na mbili: mbwa mwingine

Hakuna muda maalumu. Kipimo changu ni hiki: je, kila mtu mzima anaweza kutaja kasoro za aliyekufa bila kujisikia msaliti? Kama bado ni malaika, mgeni atalinganishwa naye kila siku na kushindwa. Mbwa asiletwe kama zawadi ya kumshtukiza mfiwa, wala kama dawa ya kumnyamazisha mtoto. Asipewe jina la mwenzake, na ikiwezekana awe wa umri, rangi au jinsia tofauti.

Kabla hajaingia, zingatieni chanzo cha kifo kilichopita. Virusi vya parvo, vinavyosababisha ugonjwa hatari wa matumbo kwa mbwa, hudumu katika mazingira kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi kwenye udongo wenye kivuli. Sakafu na vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia katika sehemu 30 za maji, ikiachwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Vitambaa na matandiko yasiyoweza kuoshwa hivyo yatupwe, isipokuwa lile moja la harufu, ambalo lifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, mbali na mgeni. Uwanja wa udongo hausafishiki kwa uhakika. Kwa nyumba iliyopoteza mbwa kwa parvo, aletwe mbwa mzima aliyekamilisha chanjo. Mtoto wa mbwa asubiri, na akija asikanyage uwanja huo mpaka daktari athibitishe kwamba chanjo zake zote zimekamilika.